Almasi Isiyotaka Maji

TANGAZO. Kuanzia sasa hadi itakapoamriwa vinginevyo, mtu yeyote aliyemo ndani ya nyumba ya Bibi Secilia, kijijini Malindi, milimani Lushoto, awe mwenyeji, mgeni au jamaa, haruhusiwi kuvuka kizingiti kwa sababu yoyote ile mpaka Almasi ya Pinki iliyopotea ipatikane. Nimetangaza mimi, Fanueli, Mpelelezi Mkuu, kwa mamlaka niliyokabidhiwa asubuhi hii.

Nilitoa tangazo hilo nikiwa nimesimama juu ya kigoda, nimevaa koti la marehemu babu ambalo mikono yake ilinifunika hadi kwenye kucha. Nilipomaliza, sebule ikawa kimya. Nilikichukulia kimya kile kuwa ni heshima.

“Kabla hujamfungia mtu ndani,” Bibi akasema, “toka nje ukamfunge mbuzi. Anakula kabichi.”

Akatoa ufunguo kifuani, akanifungulia. Hivyo Mpelelezi Mkuu akawa mtu wa kwanza kuvunja amri yake mwenyewe, tena mbele ya watuhumiwa wote, na mbuzi akamburuta kwenye tope kutoka tuta la kwanza la kabichi hadi kwenye shina la mpeasi. Niliporudi, koti lilikuwa na uzito mara mbili. Bibi akafunga mlango, akarudisha ufunguo kifuani.

Ukweli ni kwamba tangazo lenyewe halikuhitajika. Masika ilikuwa imeshika milima, mvua haijui asubuhi wala jioni, na usiku uliopita kilima kimoja kilikuwa kimeteremka chenyewe na kuifunika barabara upande wa chini. Malori ya mboga yalikuwa yamekwama upande huu, mabasi upande ule. Mtu mmoja aliyetumwa kwa miguu kuwaita polisi wa Lushoto waje waione barabara hiyo alikuwa ameondoka alfajiri, na kila mmoja wetu alijua kwamba polisi nao wangekuja kwa miguu, watakapopenda. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa mzito hata mpeasi niliomfungia mbuzi haukuonekana, alisikika mbuzi tu. Tulikuwa watu watano ndani ya sebule moja yenye moshi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kwenda.

Sasa nieleze kesi yenyewe.

Bibi yangu alikuwa na shamba bondeni. Wanaolijua bonde hilo watakwambia kwamba udongo wake ni mweusi kama masizi, na kijito kinalipitia katikati, hivyo kabichi na karoti hutoka hata wakati wa kiangazi. Shamba hilo lilimlea baba yangu na shangazi yangu. Baba alipofariki, likaendelea kunilea mimi na kunilipia shule ya bweni, ambako nimejifunza fizikia, kemia, na namna ya kuruka dirisha bila kuamsha bweni zima.

Ndipo akaja Bwana Nathanaeli. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Aliyekuwa akiuza mitumba alijiita mwagizaji, na aliyekuwa mwagizaji alijiita mwekezaji. Bwana Nathanaeli alikuja na suti ya kijivu, viatu vya ncha na mkoba wenye namba za siri, akawaambia watu kwamba almasi nyeupe ni za watu wa kawaida. Mwenye akili, alisema, huweka mali yake kwenye almasi za rangi: za buluu, za kijani, na adimu kuliko zote, za pinki. Bei yake haijawahi kushuka tangu dunia iumbwe.

Bibi hakushawishika na dunia kuumbwa. Alishawishika na jambo moja tu, na ukiwa mkulima wa mboga utamwelewa. Kila masika barabara inapokatika, kabichi yake huozea kando ya barabara ndani ya magunia. Almasi haiozi. Ingekaa kwenye mkebe wake kimya kimya mpaka mimi nifike chuo kikuu, kisha ingeuzwa. Kwa hiyo akaamua: jirani yetu Mzee Twaha atalinunua shamba, fedha atapewa Bwana Nathanaeli, na jiwe litakuwa lake.

Bwana Nathanaeli, ili kuonyesha ukarimu, alimwachia jiwe kabla ya kulipwa, “lizoee nyumba,” akasema. Bibi naye, ili asionekane mtu wa kupokea bure, alitamka mbele ya Mzee Twaha: “Likipotea mikononi mwangu, shamba ni fidia.” Bibi akitamka, ametamka. Asubuhi ile watu wote walikutana kumaliza shughuli. Bibi akafungua kasha lililo uvunguni, akatoa mkebe wa kakao, akafungua mkebe, na ndani mlikuwa na pamba tupu.

“Jiwe au shamba,” Bwana Nathanaeli alisema, kwa upole wa mtu ambaye lolote kati ya mawili linamfaa.

Bibi hakupiga kelele. Alifunga mlango kwa ufunguo, akatutazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwangu.

“Mume wangu,” akaniita, maana hivyo ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, kwa utani, “wewe ndiye uliyesoma. Litafute.”

Ndivyo nilivyopata cheo.

Niliweka meza pembeni ya meko, nikamwita mtuhumiwa wa kwanza. Alikaa kwa tahadhari, akivuta suruali yake isiguse tope la miguu yangu.

“Jina?”

“Unalijua jina langu, kijana.”

“Ni kwa ajili ya kumbukumbu.”

“Kumbukumbu gani? Huna hata kalamu.”

“Nina kichwa,” nikasema. “Kazi yako?”

“Mwekezaji.”

“Unawekeza nini?”

“Ninawawekezea watu.”

“Na wewe mwenyewe una almasi ngapi za kwako?”

Akacheka, akamgeukia Bibi. “Mama, mjukuu wako ana akili nyingi.”

“Ndizo tunazozilipia ada,” Bibi akajibu kutoka kwenye jiko. “Mjibu.”

“Zangu zimo kwenye mzunguko,” akasema.

“Eleza jiwe lililopotea.”

“Pinki. Ukubwa wa punje ya hindi. Limekatwa kitaalamu, kwa mashine ya ng’ambo.”

“Masharti yake?”

“Nilimweleza mama. Lisiguswe na mkono mtupu. Lisianikwe juani. Na likae mbali na maji kabisa.”

“Kwa nini maji?”

“Almasi ya rangi ina asili ya moto. Ukiilowesha, inanyong’onyea.”

Mzee Twaha, aliyekuwa kwenye mkeka na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akainua kichwa. “Huko ardhini ilikochimbwa, mvua hazinyeshi?”

“Zinanyesha, mzee, lakini kule inakuwa bado haijakatwa.”

“Ahaa,” Mzee Twaha akasema, akarudi kwenye chai yake. “Kama kitunguu.”

Mtuhumiwa wa pili alikuwa Shangazi Scholastica, dada wa marehemu baba, ambaye alikuwa na ushahidi mkubwa dhidi yake: kucha zake zote zilikuwa za pinki. Nilimshika mkono, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, kama daktari anayesitasita kutoa habari mbaya.

“Rangi hii umeipata wapi?”

“Kwa Sabra, sokoni. Ananipaka kila Alhamisi na wewe unajua, maana Alhamisi iliyopita ulinifuata kuomba hela ya pipi.”

Nikauachia mkono wake haraka. “Tusichanganye mambo. Ulikuwa wapi tangu Jumapili?”

“Jumapili nilikuwa kanisani na mama. Wewe ulisema tumbo linakuuma, ukabaki.”

“Maswali nauliza mimi.”

“Basi uliza. Ningekuwa mwizi, Fanueli, ningeiba jogoo. Jogoo analika. Hilo jiwe ningelipeleka wapi, na barabara yenyewe haipo?”

Lilikuwa jambo la msingi, nikalitaja kwa sauti ili lionekane limetoka kwangu. Nani angeiba kitu wakati hakuna njia ya kukitoa? Aliyekichukua bado yumo humu, na kitu chenyewe kimo. Watu wote wakatazamana. Bwana Nathanaeli akajifuta shingo kwa leso, ingawa kulikuwa na baridi.

Mzee Twaha alikataa kuja kwenye meza, hivyo upelelezi ukamfuata mkekani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mgosi,” akajibu, yaani mwanamume kwa Kisambaa. “Niulize polepole, sikio hili limeziba.”

“Samahani kwa swali. Jiwe likipotea, nani anafaidika?”

Alikaa akiliangalia swali kama mtu anayekagua kiazi kabla ya kukinunua. “Mimi shamba nalinunua jiwe likiwepo. Nalinunua jiwe lisipokuwepo. Ningekuwa na uwezo nisingelinunua kabisa. Bibi yako na mimi tumechota maji kijito kile tangu tuko na meno ya utoto. Lakini nikisema silitaki, huyu bwana atamletea mnunuzi wa mjini, naye atazungushia senyenge. Basi nanunua. Umeridhika?”

Nilisema nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo. Nilikuwa na kiu, na bado niliogopa kunywa chai mbele ya watu, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Ukafuata ushahidi wa vitu. Niliingia chumbani kwa Bibi, nikaukagua mkebe ndani ya kasha kwa kioo cha kukuzia kilichotengenezwa kwa balbu iliyojazwa maji. Pamba ilikuwa na doa la pinki, na pamba yenyewe ilikuwa inanata. Sisimizi walikuwa wakipita uvunguni kwa mstari mmoja, wakiingia kwenye kasha, wakiuzunguka mkebe kama mahujaji.

“Na hawa sisimizi?” Bibi akauliza nyuma yangu. Sikuwa nimemsikia akiingia.

“Wapita njia,” nikasema. “Mvua imewatoa ardhini. Kitaalamu hawahusiki.”

“Ahaa,” akasema, akarudi jikoni.

Kisha nikapekua. Nasema kwa unyenyekevu kwamba nyumba ile haijawahi kupekuliwa namna ile. Nilimwaga gunia la mahindi, nikaingiza mkono ndani ya viatu vya ncha vya Bwana Nathanaeli, nikafunua godoro la shangazi, nikaomba radhi na kunyanyua kofia ya Mzee Twaha. Nilimwondoa kuku kwenye mayai yake, naye akanidonoa kidole. Nilipanda darini kwenye mahindi ya mbegu nikashuka mweusi kwa masizi. Sikupata kitu.

Na sikutegemea kupata, kwa kuwa jiwe lilikuwa ndani ya soksi yangu ya kushoto, chini ya godoro langu.

Msomaji, usinihukumu kabla sijamaliza. Ulikuwa utani. Mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake, kumfichia tumbaku, kumwambia kwamba amemwona mchumba wake sokoni, na bibi anatakiwa kucheka. Jumapili ile nilibaki nyumbani, nikafyonza pipi ya pinki mpaka ikafika ukubwa wa punje ya hindi, nikaiweka kwenye mkebe badala ya jiwe. Nilikusudia kwamba Bwana Nathanaeli afungue mkebe mbele ya watu, alione jiwe lake, mimi niliokote na kulitafuna. Ungekuwa utani wa kusimuliwa mpaka Mombo. Nilikuwa sijapiga hesabu ya sisimizi.

Wala sikupiga hesabu ya Bibi kurudi mapema kutoka kanisani. Nilisikia hatua zake, nikalitia jiwe mdomoni. Akasimama mlangoni, akaniuliza tumbo linaendeleaje, akanisimulia mahubiri yote, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Mate yalinijaa. Yalikuwa na ladha chungu, ya dawa, ladha niliyoijua. Alipoondoka nikatema kiganjani. Jiwe la pinki lilikuwa limegeuka kipande cha kioo cheupe, kama cha chupa. Ulimi wangu ulikuwa umechukua pinki yote.

Ile ilikuwa rangi ya mikeka. Ni ile ya unga, inayouzwa kwa karatasi ndogondogo, ambayo wanawake huchemshia ukindu unaoletwa kutoka Magoma. Nilikuwa na sababu zangu za kuijua vizuri, na sababu hizo hazikuwa za kutajwa kwenye nyumba ile.

Tazama basi jinsi Mpelelezi Mkuu alivyokuwa amefungwa kamba na mikono yake mwenyewe. Nikilitoa jiwe, Bwana Nathanaeli atasema: nililoacha ni la pinki, hiki ni kioo, kijana amelibadilisha. Nitakuwa mwizi na shamba litaondoka. Nikinyamaza, jiwe limepotea mikononi mwa Bibi na shamba litaondoka vilevile. Nikisema ni rangi ya mikeka, nitaulizwa nimeijuaje kwa kuionja. Kila upande niliogeukia palikuwa na Bibi Secilia na ufunguo kifuani mwake. Siku zote tatu tangu Jumapili nilikuwa nasugua ulimi kwa majivu na kuongea bila kufungua meno.

Nilirudi sebuleni. Mvua iliongezeka juu ya mabati hata ikabidi watu wapaze sauti.

“Basi,” Bwana Nathanaeli akasema, “upelelezi umekwisha. Mzee Twaha, fedha zipo. Mama, neno lako lipo. Tumalize, nina mteja kule Mponde ananisubiri.”

“Barabara haipo, baba,” Bibi akasema.

“Itakuwepo. Lakini shughuli iishe leo.”

Bibi alikaa kwenye kigoda kile kile nilichosimama kutangaza. Alikuwa ameshika mwiko, ameusahau mkononi. Akalitazama dirisha upande wa bondeni, ambako hakukuwa na cha kuona ila weupe. “Nilitamka,” akasema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mteja wa Mponde.

“Bwana Nathanaeli,” nikasema, “mteja wako unampelekea nini?”

“Almasi. Dada yake hiyo iliyopotea.”

“Unayo hapa?”

Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa ndani wa koti kabla yeye mwenyewe hajaamua. “Haiwahusu.”

“Inauhusu upelelezi. Mimi jiwe lile sijawahi kuliona. Nimetafuta kitu nisichokijua. Labda nimelikanyaga nikadhani ni punje.”

“Mtoto anasema kweli,” Mzee Twaha akasema. “Hata mbwa wa polisi hunusishwa kwanza. Mwonyeshe.”

“Mwonyeshe, baba,” Bibi akasema. “Nami nilione mara ya mwisho lilivyokuwa.”

Asingeweza kumnyima mtu anayekaribia kumpa shamba. Akatoa kifuko cha ngozi, akatandaza pamba juu ya kiganja, akalimwaga jiwe. Lilikuwa zuri, sitakataa. Katika sebule ile ya moshi lilionekana kama kitu kilichotoka kwenye ndoto ya mtu mwingine. Shangazi Scholastica akaliangalia, kisha akaangalia kucha zake, akazificha ndani ya kanga.

“Makande tayari,” Bibi akasema.

Kwetu, chakula kikiwa tayari, aliye mdogo kuliko wote huchukua jagi na beseni na kuwanawisha watu mikono, akianza na mgeni. Haombwi, wala mgeni hakatai. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu nilipoweza kubeba jagi. Nilikwenda jikoni, nikachukua beseni jeupe la bati, nikachukua jagi la maji ya uvuguvugu, nikarudi, nikapiga goti moja mbele ya Bwana Nathanaeli kama nilivyolelewa.

“Karibu unawe, mgeni.”

“Ngoja kwanza niweke hili,” akasema, akitafuta kifuko kwa mkono wa pili.

Nilimmwagia.

Sikummwagia kidogo kidogo. Nilimwaga kama anayemnawisha askofu. Aliukunja mkono kwa kuchelewa. Maji yalipita kati ya vidole vyake yakaingia kwenye beseni, kwanza meupe, halafu yenye michirizi, kisha beseni zima likawa la pinki, pinki ile ya mikeka ya harusi. Pamba ikadondoka. Juu ya kiganja cha pinki kikabaki kipande cha kioo.

Watu wote wakainamia beseni.

“Maji ya milimani,” Bwana Nathanaeli akaanza, “yana chumvi fulani ambayo…”

“Rangi ya ukindu,” Shangazi Scholastica akasema. “Mama, ni rangi ya ukindu.”

Mzee Twaha aliingiza kidole ndani ya beseni, akakitazama, akajipaka kwenye ukingo wa kofia yake nyeupe. Ikashika. “Kweli imenyong’onyea,” akasema.

Bwana Nathanaeli alisimama, akachukua mkoba wake, akaenda mlangoni. Akautikisa mlango. Akageuka, akamtazama Bibi, akatazama mahali ufunguo ulipokuwa, akaona kwamba hapo hapaendeki. Mkono wake ulikuwa wa pinki mpaka kwenye kifundo, na rangi ile, nawaambieni, haitoki kwa sabuni.

“Utakwenda wapi, baba?” Bibi akamuuliza. “Barabara imekatika. Polisi wanakuja, watakukuta umeshakula. Keti. Makande yanapoa.”

Akaketi. Ni jambo la ajabu kumwona mtu akipewa sahani na adhabu kwa mkono mmoja. Shangazi akampakulia. Mzee Twaha akacheka mpaka akakohoa, akanipiga bega, akasema mgosi huyu atakuwa hakimu. Shamba lilikuwa limebaki. Nilijiona nimenyooka ndani ya koti la babu, mikono yake imenifupikia. Nilifungua kinywa kutoa hotuba fupi ya kufunga kesi.

“Mpelelezi,” Bibi akasema. “Kesi haijaisha.”

Alikuwa hajaanza kula. “La kwanza liko wapi?”

“Bibi, kwa kuwa imethibitika kwamba si almasi, upande wa mashtaka unaona…”

“Liko wapi, mume wangu?”

Nikaanza kukunja mikono ya koti.

“Pamba ya mkebe wangu inanukia pipi,” akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. “Mawe hayaliwi na sisimizi. Nililijua hilo asubuhi, kabla hujapanda kigoda. Ndiyo maana kazi nilikupa wewe, nione utatafuta wapi. Ukapekua viatu vya mgeni. Ukamsumbua kuku. Ukamvua Twaha kofia, mtu mzima. Kitanda chako hukukigusa.”

Mzee Twaha akashusha kijiko.

“Mimi nikasema ni utani, atachoka, atalitoa,” Bibi akaendelea. “Nikangoja. Hata nilipokaa pale nimeshika mwiko, nilikuwa nangoja. Ukaniacha nikae.”

Hilo lilinipata pabaya kuliko yote yaliyofuata. Nikaenda chumbani, nikarudi na soksi, nikaikung’uta juu ya meza. Kioo kikabiringika mpaka kwenye sahani ya Bwana Nathanaeli, naye akakitazama kama mtu aliyekutana na ndugu mahabusu.

“Fungua mdomo,” Bibi akasema.

Nikafungua.

“Toa ulimi.”

Nikatoa. Shangazi akasema, “Mungu wangu,” kwa sauti ya chini. Majivu yale hayakuwa yamesaidia kitu.

“Sasa nimebakiza moja,” Bibi akasema. “Umemmwagia maji hata kabla hajaweka jiwe chini. Ulijua litachuja, sawa, ulikuwa umelifyonza. Lakini nimekuona umeshikilia majivu siku zote hizi, hukugusa ndimu wala sabuni. Ulijua kwamba kwa hivyo haitoki. Tangu ufike kutoka shule chini ya kucha zako mna rangi hii hii, na jiwe ulikuwa hujaliona. Mimi nilidhani ni wino. Hiyo umeipata wapi, na shule umeniambia imefungwa kwa tatizo la maji?”

Nilitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Nilitazama dirisha, ukungu ulikuwa palepale. Nilimtazama Bwana Nathanaeli, akainamisha macho kwenye makande kama mwenzangu wa selo. Nikavua koti la babu, nikalikunja, nikaliweka juu ya kigoda, kwa kuwa niliyotaka kusema hayakuwa ya kusemwa ndani ya koti la mtu aliyeheshimiwa.

“Bibi,” nikasema, “shule haijafungwa. Nimefukuzwa mpaka uende wewe kuniombea. Ulikuwa unauza bonde kunilipia ada, na mimi sikusema. Maji yalikuwepo, tangi zima. Mimi ndiye niliyeyatia rangi. Na wa kwanza kuoga alikuwa Makamu Mkuu wa Shule.”